Miiba Tuliyoweka Kwenye Chemchemi

Mwanangu, kabla hujafunga hilo begi la Nairobi, keti kidogo. Kazi ya maji ya jiji umeipata, na mimi nimejigamba sokoni Merigi mpaka wenzangu wamenichoka. Lakini kuna siku moja naikumbuka sana, na hutaondoka bila kuijua.

Ilikuwa miaka ya tisini, kiangazi kikali. Nilikuwa nimeolewa hapa juzi tu, dada yako bado ananyonya. Ng'ambo ya shamba letu kulikuwa na shamba kubwa la chai. Wachumaji wake, wengi wao watu wa kutoka ziwani, waliishi kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi: familia nzima chumba kimoja, na mfereji mmoja kwa laini yote. Mfereji ule ukakauka. Kwa meneja, maua yaliendelea kunyunyiziwa maji kila jioni.

Basi akina mama wa laini wakawa wanapanda kuchota kwenye chemchemi yetu. Halafu kuhara damu kukaingia laini, nasi tukaogopa. Mzee wa kijiji akaamuru chemchemi izibwe kwa miiba, sisi wenyeji tu tukiachiwa upenyo. "Wakae na ugonjwa wao huko," alisema, na wote tuliona amesema vizuri.

Wakanywa maji ya mto, pale chini ya vyoo vyao. Na mto ule ule, mwanangu, ndio uliopita bondeni kwetu, ng'ombe wakinywa na sisi tukisuuza mikebe ya maziwa. Haikuchukua muda, dada yako akaanza kuhara damu. Macho yakaingia ndani, hata kulia akashindwa. Nilijua namzika.

Mama mkwe wangu, Taprandich, alimtazama mtoto, akatoka nje, akang'oa nyasi, akateremka hadi chemchemi. Mzee wa kijiji akamfuata na vijana wake. Mama mkwe akawaonyesha zile nyasi mkononi, na kwetu aliyeshika nyasi ameshika amani, hakuna wa kumgusa. Kwa mkono wa pili akaanza kuvuta miiba, damu ikimtoka.

"Mama, utatuletea ugonjwa," mzee akamwambia.

"Uko kwangu tayari. Mliufungia huko chini, ukarudi na mikebe ya maziwa. Watu wa laini walinyimwa maji, kwanza na tajiri, halafu na sisi. Sasa shika upande ule, uvute."

Mzee akavuta. Nilikuwa pale, mtoto mgongoni, na nilijivuna kuwa mkazamwana wa mama yule. Jioni akina mama wa laini walikuja na majembe, tukaijengea chemchemi ukuta pamoja, ile ile unayoiona leo. Dada yako alipata dawa dispensari, akapona, na sasa anaongea kuliko redio.

Nairobi utakuta mambo haya haya. Ugonjwa ukizuka, utasikia wakubwa wakisema mtaa fulani ufungwe, watu wake ni wachafu. Wewe usikubali. Wapishi wao, walinzi wao na yaya wa watoto wao wanatoka mtaa huo kila asubuhi. Ukipewa bomba la kuweka, lipeleke kwanza kule walikokosa maji. Wakikuuliza umefundishwa na nani, waambie wewe ni mjukuu wa Taprandich.

Mungu akutangulie, akupe afya, na popote utakapofika watu wapate maji. Haya, fungua mkono. Nyasi hizi nimezing'oa pale chemchemini asubuhi hii.