Khabari ya Ndege Yetu Nilivyoipeleka Maskati

Nilikwenda Maskati mwisho wa mwaka 1969 kwa sababu moja tu: kumwambia binamu yangu Saud asitoke. Saud alikuwa mtoto wa pekee wa shangazi yangu, Bi Zuwena, aliyetoka Unguja kuolewa Maskati, na msafiri mmoja aliniletea khabari kuwa keshatia nia ya kunifata Kairo aje kutengeneza ndege za kivita. Wakati ule kijana wa Oman akitoka kwenda kusoma bila ya ruhusa ya mtawala, ndiyo basi, harudi tena kwao. Na ndege yenyewe aliyokuwa akiitakia yote hayo ilikuwa imeshakufa. Kuandika nisingeweza, maana barua zikifunguliwa njiani. Nikaona bora niipeleke khabari hii kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mie niliingia Kairo baada ya mapinduzi ya Unguja, nikapata kazi katika kiwanda kimoja kusini ya mji. Pale watu walikuwa wamejitia kwenye jambo kubwa: ndege ya kivita yao wenyewe, na injini yake wenyewe, bila ya kumpigia mtu magoti. Kazi yangu mie ilikuwa mapanga. Injini ya namna ile ina mapanga madogo madogo ndani, mengi, yanazunguka na kusukuma hewa. Nikilipaka kila moja dawa ya rangi, nikilifuta, kisha nikilitazama chini ya taa kutafuta ufa. Ukiniuliza panga ntakueleza mpaka unikimbie. Ukiniuliza bawa, kamuulize mtu wa bawa, maana kila mmoja alikuwa na chumba chake, na cha mwenziwe haingii. Ndio utaratibu uliokuwepo, kwa ajili ya siri.

Ruhusa ya kuzuru Maskati alinitafutia shangazi, na ilimchukua muda mrefu kweli. Nilipoipata sikungoja kitu. Nilipanda ndege ya abiria kutoka Kairo, nikabadilisha Bahrain, nikashuka Dubai. Njia nzima jirani yangu alikuwa akisoma Qur'ani kwa khofu, na mie nimeegemeza sikio dirishani kusikiliza injini. Kila mtu na ibada yake, astaghfirullah.

Dubai nilimtafuta dereva niliyeelekezwa, Mbulushi mmoja akiitwa Murad, mwenye Landrova iliyofungwa viriba vya maji ubavuni. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye yule anayetengeneza ndege?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Nani kakwambia?"

"Lo! Nani asiyejua? Na mie kesho kutwa narudi huku Dubai na abiria mmoja, kijana. Anakuja kwako."

Nikajua papo hapo. Abiria huyo si mwengine ila Saud. Kwa hivyo gari iliyonipeleka kumzuia ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa imchukue, na baina ya kufika kwangu na kuondoka kwake palikuwa na siku moja tu.

Njia ya Batina ilikuwa mchanga na mitende, na hiyo barabara mnayoisifu leo haikuwepo. Tukipita ufukweni maji yakitoka, tukirudi juu yakijaa. Murad hakuacha kuniuliza. Ndege bila ya propela inakwendaje? Moto uko ndani, mbona haiungui? Nikamueleza kuwa inavuta hewa mbele, inaibana, inaitia mafuta na moto, kisha inaitema nyuma kwa nguvu. Akafikiri mpaka tukafika Sohar, ndipo akasema, "Kwa hivyo ni chafya." Nilicheka mpaka machozi. Nimesoma vitabu vingi baadaye, na maelezo bora kuliko hayo sikuyaona.

Mabela, huko mnakojenga majumba sasa, palikuwa migunga na mbuzi. Wattaya, mnakokwenda kununua magari, palikuwa na kizuizi cha askari na bunduki zao kuukuu. Wakazisoma karatasi zangu, wakatuachia. Tukaingia Maskati alasiri, ndani ya ukuta, kabla ya malango kufungwa.

Nyumbani kwa shangazi sikumuona shangazi. Niliingizwa moja kwa moja sablani, chumba cha wageni wanaume, kwani mumewe, Ami Khalfan, alikuwa amekaa na majirani wananingoja. Saud ndiye aliyeshika dele la kahawa. Kijana mrefu, macho hayatulii, mikono ina harufu ya petroli, kwani alikuwa akifanya kazi kiwanja cha ndege cha Bait al Falaj, akitia mafuta na kushika taa ya mafundi. Tukapeana mikono wote, tukakaa. Kisha Ami Khalfan akaniuliza kwa sauti, mbele ya watu, kama inavyopasa.

"Khabari gani za huko utokako?"

Sasa nnakuombeni mnielewe. Desturi ya Oman mnaijua: mgeni akiulizwa khabari hujibu khair, hapana khabari, hata kama kamzika babake asubuhi. Baadaye, watu wakishatawanyika, ndipo anapoulizwa ya kweli. Na sisi wa Unguja nasi tuna yetu: tunasema njema, halafu papo hapo tunatia "lakini", na katika hiyo lakini ndimo yalimo mambo yote.

"Khair," nikasema. "Hapana khabari. Lakini..."

"Alhamdulillah!" akasema Ami Khalfan, akanikata. "Na ndege?"

Majirani wote wakageuka. Hawakujua kuwa Saud anataka kutoroka, wala haikufaa wajue. Ningesema nini? Ningemfungulia mwenye nyumba msiba sablani kwake, mbele ya majirani?

"Na ndege khair," nikajibu.

Nikamuona Saud anatabasamu, anamimina kahawa. Nikajisemea, wakiondoka watu tu ntamvuta pembeni. Lakini watu wa Maskati hawaondoki haraka wakimpata mgeni wa Kairo. Waliuliza bei ya mchele, waliuliza kama kweli mto wa Nili hauna mwisho. Magharibi ikaadhiniwa, tukasali, tukarudi, halua ikaja. Nilipoinua macho, Saud hayupo, na dele analo jirani.

Asubuhi, baada ya kusali alfajiri, ndipo nilipompata. Akanichukua mpaka Ruwi, tukakaa juu ya jabali linalotazama Bait al Falaj. Kiwanja chenyewe kimebanwa na milima kama sinia lililotiwa chunguni, na rubani akitaka kutua sharti apinde ghafla. Nikamuuliza kwa nini hatuingii ndani.

"Nimeshaaga, kaka Sleiman. Jana uliposema ndege khair, nilikwenda nikarudisha nguo za kazi. Nimewambia nakwenda Sohar kuangalia mitende. Pahala pangu keshapewa mtu."

Neno langu moja la adabu limeshamtoa mtu kazini.

"Saud, sikiliza. Ndege hapana. Wameisimamisha."

Basi nikamueleza yote toka mwanzo. Nikamwambia ile ndege iliruka kweli, na siku iliporuka mara ya kwanza tulilia, watu wazima sisi. Lakini iliruka na injini ya kuazima, ya Kingereza, kwa sababu yetu haijawa tayari. Puani, pahala pa rada, hapakuwa na rada; tulitia vipande vya risasi, ile madini nzito, ili uzito usipotee na ndege isije ikainua pua. Injini yetu ilipokuja kuwaka ndani ya chumba cha majaribio, kuta zilitikisika na sisi tukapiga takbiri. Baada ya muda mapanga yakaanza kupata nyufa. Tukayatengeneza, yakapata tena, tukayatengeneza. Mafundi wa Kizungu wakaondoka mmoja mmoja. Vita vya sitini na saba vikaja, fedha zikaenda kwengine, na ndege za kununua zikawa zinapatikana zimeshakamilika. Siku moja tukaambiwa basi.

"Nyufa zilianzia wapi?" akaniuliza Saud.

"Vipi?"

"Kwenye panga. Juu, au chini lilikoshikizwa?"

"Chini, kwenye shina."

"Kwa nini shina, na ncha ndiyo inayokwenda mbio zaidi?"

Subhanallah, suala gani hilo! Nikaokota kijiti, nikamchorea mchangani. Nikamuonesha mvuto unavyokusanyika shinani, na joto, na mtikisiko. Akauliza ufa mliugundua vipi. Nikamueleza ile dawa ya rangi. Akauliza je, ufa ulio ndani, usiofika juu? Nikamueleza na hilo. Jua likapanda, kanzu zikaturowa jasho, na mie nimenogewa nachora tu. Kwa muda mrefu sikuwa nimepata mtu wa kumueleza kazi yangu, na nakiri nilifurahi furaha ambayo sikuipata hata siku ndege iliporuka.

Pale chini ndege moja ndogo ikatua, wakatoka mafundi kuizunguka.

"Ile ikivunjika kitu," akasema Saud, "tunangoja sanduku kutoka Uingereza. Sanduku likija, Mngereza analifungua, mie nashika taa. Nikimuuliza kwa nini kimevunjika ananambia, Saud, shika taa." Akaukanyaga mchoro wangu taratibu, akaufuta. "Nnakwenda, kaka."

"Unakwenda wapi? Nimekwambia ndege hapana!"

"Nimesikia. Lakini nyinyi mnajua kwa nini haikuwa. Nami nataka kujua."

Nikamkumbusha mamake. Nikamwambia hatarudi. Akajibu kuwa hayo ameyafikiri mwaka mzima, kila siku akishika taa. Nikakasirika, nikamwita mpumbavu. Akanishika mkono kunishusha jabalini, kwani mie mkubwa wake, na heshima ile ikanishinda nguvu.

Tuliporudi nyumbani, shangazi alikuwa jikoni anakaanga mandazi ya safari, iliki imejaa nyumba nzima. Mwanamke wa Unguja hata akikaa Maskati miaka, jiko lake haliachi Unguja. Alifikiri mie nimekuja kumchukua mwanawe, kama walivyopanga yeye na Saud. Nikamueleza kwa haraka, kwa sauti ya chini, kuwa ndege imekufa na nilikuja kumzuia.

Akakiweka chini kijiko. "Na jana ulisema khair."

"Nilisema kama desturi, shangazi. Mbele ya watu!"

"Na leo umemwambia kweli?"

"Nimemwambia."

"Kisha?"

"Kisha kaniuliza khabari za mapanga, na mie nikamueleza."

Akapangusa mikono kwa kanga. "Sleiman, ulikwenda kumzuia au kumvisha viatu?"

Ami Khalfan naye alipopata khabari ya ndege, alisimama mlangoni akamwambia mwanawe kuwa hamkatazi, kwa sababu akimkataza atakwenda vile vile, na atakwenda hana radhi. "Radhi nimekupa," akasema. "Nenda kabla sijaitaka tena." Kisha akaingia ndani, na hatukumuona mpaka tunaondoka.

Tulitoka adhuhuri ilipokwisha kusaliwa, mie, Saud na Murad. Ruhusa yangu ilikuwa na siku zaidi, lakini ningebaki vipi kuutazama uso wa shangazi? Kabla ya Wattaya Saud alishuka na kifurushi chake akapanda milimani, maana hakuwa na karatasi ya kutokea. Kizuizini askari akauliza nani mwengine, na Murad akaapa hapana, tuko wawili tu, akawapa tumbaku. Tukamngojea karibu na Ansab, chini ya kivuli cha jabali. Nilikuwa naomba asitokee. Akatokea, viatu vimechanika, anahema, anacheka.

Dubai tulimtafutia karatasi za safari, na tulipofika Kairo nilimpeleka kiwandani. Hapakuwa na siri tena ya kulinda, na mlinzi alinijua, akatufungulia ukumbi. Ndege yetu ilikuwa pale chini ya turubai, vumbi limeikaa. Saud akafunua upande mmoja, akaingiza mkono katika tundu la kuvutia hewa, akaanza kuniuliza. Mbona tundu limekaa hivi? Hewa ikija kwa kasi mno inapunguzwa na nini? Nikamwambia sijui. Hiki cha nini? Sijui. Miaka yote ile nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na ndiyo mara ya kwanza kuigusa. Niliona haya, kisha nikaanza kuuliza na mie, nikawatafuta wenzangu wa bawa na wa mafuta katika mikahawa, wakae naye wamueleze. Walikuja kwa furaha, maskini. Kila mmoja alikuwa na kipande chake na hana wa kumpa.

Washirika wetu katika kazi ile walikuwa Wahindi. Wao walikuwa na ndege yao nzuri iliyokosa injini ya nguvu, na sisi injini iliyotaka ndege ya kuijaribia hewani. Mhandisi wao mmoja, aliyebaki kufunga makasha, alimsikiliza Saud siku mbili tatu, akampenda. Alipoondoka kurudi Bangalore akamtafutia nafasi ya uanagenzi, na Saud akenda. Nilimsindikiza uwanjani. Safari hii sikujaribu kumzuia.

Mwaka 1970 Oman ikapata mtawala mpya, na milango ikafunguliwa. Waliokatazwa wakaitwa kwa redio warudi, na watu wakarudi kutoka kila pembe, wengine hawajawahi hata kuiona nchi. Nikamwandikia Saud. Akajibu kuwa amefurahi mno, na atakuja, inshallah, lakini wana injini mpya ndani ya chumba cha majaribio na hawezi kuiacha sasa hivi.

Basi nikarudi mie peke yangu. Niliyojifunza katika safari ile ni kuwa ukitaka kumzuia mtu na kitu, usimueleze namna unavyokipenda. Maskati nilifika asubuhi, nikaipita sabla, nikenda moja kwa moja mlango wa jikoni. Shangazi alikuwa amekonda. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanibusu, akanambia karibu nyumbani mwanangu. Kisha akatazama nyuma yangu, uchochoroni, akatazama kwa muda mrefu.

"Milango si imefunguliwa?" akaniuliza. "Mbona umekuja peke yako?"