Nilisema Uani Kwetu Hakuna Kaburi

Nimekosa, ndugu yangu unayesoma. Sina wa kumsingizia. Wala shetani simtaji, maana siku ile hakuwepo. Nilikuwepo mimi na mdomo wangu.

Jina langu nalificha kwa aibu. Nikuambie tu kwamba naishi Songea, upande wa Ruhuwiko, kwenye nyumba aliyotuachia mama. Zamani kwetu palikuwa shamba, mahindi mpaka mlangoni. Mji ukatufuata wenyewe. Siku hizi tuna nguzo za umeme, tuna bodaboda, na tuna sheria ndogo za manispaa.

Nina dada mmoja tu. Hapa nitamwita Tekla, ingawa siyo jina lake. Alipokuwa bado binti nyumbani alizaa mtoto wa kike, akampa jina la mama yetu. Mtoto akafariki hata jino hajaota.

Kwetu, mtoto mchanga namna hiyo hapelekwi makaburini kwa kwaya na matanga. Akina mama ndio humzika, karibu na nyumba. Wanaume hatusogei wala hatuulizi. Mama na jirani yetu, Mama Kapinga, walimzika nyuma, karibu na mlango wa jiko la zamani. Juu yake mama akaweka kipande cha jiwe la kusagia la bibi, lililokuwa limevunjika. Hapakuwa na msalaba wala saruji.

Baadaye dada aliolewa Nakapanya, kule Tunduru, kwa mwanamume mwenye mikorosho. Mungu hakumpa mtoto mwingine. Kila msimu wa korosho ukiisha, dada anakuja nyumbani. Akishuka hasalimii mtu. Anapitiliza nyuma ya nyumba, anafagia pale penye jiwe, anamwagia maji, ndipo anarudi mbele na kupiga hodi kama mgeni aliyefika sasa hivi. Hakuna aliyewahi kumcheka kwa hilo.

Mama alipolazwa Peramiho, kabla hajatutoka, aliniambia, "Mwanangu, pale nyuma pa dada yako usipaguse." Nikamwambia, "Sitapagusa, mama." Nilimshika na mkono kabisa. Loo!

Ikaja habari ya urasimishaji, yaani mtaa mzima upimwe, kila mtu apate hati ya kiwanja chake. Mimi nikafurahi kuliko wote. Nilishakusanya tofali za kuchoma, nikapiga picha kichwani ya vyumba vya kupangisha, mstari mzima, kule nyuma.

Tukaitwa mkutano kwenye ofisi ya mtaa. Afisa mipango miji, mwanamke mmoja mpole mwenye sauti ya kwaya, akasema kabla ya kupima ni lazima tuelewane maana ya maneno yaliyomo kwenye sheria, tusije tukagombana baadaye. Akaanza kusoma. Jengo maana yake ni hii. Jengo la nje maana yake ni hii. Uzio, jengo la muda, makazi na biashara.

Mzee mmoja akanyoosha fimbo. "Na banda langu la nguruwe, nalo ni jengo? Maana lina bati zuri kuliko nyumba yangu!"

Watu wakaangua kicheko. Afisa naye akacheka. "Hilo ni jengo la nje, baba. Limo humu, tutalifikia."

Mama mwingine akauliza kama kuuza mkaa barazani kunaigeuza nyumba kuwa ya biashara. Mjadala ukawaka. Mimi, mjuaji, nikawa nasonya tu. Nyumba ni nyumba na ua ni ua, mkutano wa nini? Ndivyo nilivyomnong'oneza jirani yangu Mzee Ngonyani, naye akaniambia, "Tulia usikie." Angenifunga kamba siku ile ningemshukuru mpaka leo.

Ndipo afisa akasoma: kiwanja cha makazi maana yake ni kiwanja chenye nyumba ya kuishi na majengo yake ya nje, na ambacho hakitumiki kwa maziko.

Maziko! Nikaliona lile jiwe. Nikaona hati yangu inaota mbawa, naona wananiambia kiwanja chako siyo cha makazi, hicho ni makaburi, au wananiamuru nifukue. Nikainuka, nikakung'uta suruali, nikaondoka. Afisa alikuwa bado anasoma. Sikumsubiri amalize hata ule mstari uliofuata.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja nyuma nikalinyanyua jiwe. Lilikuwa zito. Nikalibeba mpaka mbele, nikaliweka pale bombani pa kuchotea maji. Nikachukua reki nikasawazisha udongo. Kazi ile haikunichukua muda, na jasho lilinitoka kama nimelima ekari.

Wapimaji wakaja na kamati ya mtaa. Majirani wa pande zote waliitwa kushuhudia mipaka, na Mama Kapinga akiwamo. Mpimaji akaniuliza, "Hapa nyuma kuna kitu? Kisima, shimo la choo, kaburi?"

"Hakuna."

"Kaburi hakuna?"

"Hakuna."

Mama Kapinga akaniangalia. Mdomo wake ulitaka kufunguka, nikauona. Lakini wengine wote pale tulikuwa wanaume, na mambo ya watoto wachanga hayasemwi mbele ya wanaume. Akainamisha uso, akakaza kitenge chake kiunoni. Nilijua hatasema. Nilijificha nyuma ya heshima ya mama mtu mzima, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Nikabomoa jiko la zamani. Siku mafundi walipochimba msingi nilijifanya nina shughuli mjini. Sikutaka kuona watakachokuta. Jioni niliporudi msingi ulishafukiwa mawe. Sikuwauliza na wao hawakuniambia. Mpaka leo sijui, na sina ujasiri wa kwenda kuwauliza.

Hapo ungesema nimefika mwisho wa ubaya. Bado!

Kuta zilipofika usawa wa madirisha, tukaitwa kukagua mchoro kabla hati hazijatoka. Nikakiona kiwanja changu, safi. Pembeni yake kiwanja cha Mzee Ngonyani kilikuwa na kimraba kidogo cha nukta nukta.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Kaburi la baba yake," afisa akajibu.

"Na hati atapata?"

"Kwa nini asipate?" Akanitazama. "Si nilisoma siku ile? Hairuhusiwi kuzika upya. Kaburi lililokuwepo kabla ya kupimwa linaonyeshwa kwenye mchoro, linaachiwa nafasi yake, na hakuna mtu anayeruhusiwa kujenga juu yake. Hukuwepo mkutanoni?"

"Nilikuwepo."

Jamani! Ile sheria niliyoikimbia ndiyo iliyokuwa inamlinda mtoto wa dada yangu. Isingeniruhusu hata mimi, mjomba wake, kumgusa.

Afisa akashika kalamu. "Kwako kuna kitu cha kurekebisha? Sema tu, bado tunaweza."

Mlango huo hapo, wazi! Ningesema, ningebomoa chumba kimoja, yangeisha. Nikawaza tofali, nikawaza watu watakavyonicheka, nikawaza nimeshasema hakuna mbele ya kamati nzima. Nikasema, "Kwangu hakuna."

Hati ikatoka. Vyumba vikaisha, wapangaji wakaingia. Dada alipopiga simu nilimsalimia, nikamuuliza habari za korosho, nikakata. Kila simu nilijiambia ijayo nitamweleza.

Msimu ukaisha. Akaja bila kuniambia siku, kama kawaida yake.

Nilikuwa ndani. Nikasikia sauti yake bombani, "Hili jiwe limefikaje hapa?"

Nikachungulia. Mpangaji wangu mmoja, binti wa watu asiye na kosa, alikuwa anafua suruali za jinzi juu ya lile jiwe, anazigonga kwa nguvu, povu tupu. "Shikamoo mama," akasema. "Mimi nimelikuta hapa hapa. Huwa tunafulia."

Dada alikuwa ameshika ufagio.

Nikatoka mbio. "Shikamoo dada! Karibu, karibu ndani, umechoka na safari..."

Sijawahi maishani kunyimwa marahaba na dada yangu. Siku ile nilinyimwa. Akanipita, akaenda nyuma. Nikamfuata kama mbuzi anayepelekwa machinjioni.

Akasimama mbele ya ule mstari wa milango, mapazia ya watu yanapepea, sakafu ya saruji mpaka ukutani. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mlango wa jiko la mama ulikuwa wapi?"

Nikaonyesha. "Hapa." Kisha nikaona siyo. "Hapana, huku kidogo. Au pale kwenye kona."

"Hujui," akasema.

Nikaanza kujitetea, mpumbavu mimi! Nikamwambia sheria ilisema kiwanja cha makazi hakitakiwi kuwa na maziko, nikamwambia ningekosa hati, ndipo wapimaji nikawaambia hakuna kaburi.

"Sheria ndiyo iliyowaambia hakuna kaburi?"

Mama Kapinga alikuwa ameshafika kwenye uzio, kanga kichwani. "Tekla mwanangu," akasema huku analia, "mimi nilidhani mmeshaongea. Nilidhani mmemhamisha."

Dada akanigeukia. Hakunitukana. Heri angenitukana, heri angenichapa na ule ufagio! Alisema tu, "Ungenipigia simu. Ningekuja kumchukua mwanangu."

Akarudi bombani. Akalisuuza lile jiwe, akabadilisha maji, akalisuuza tena mpaka povu likaisha lote. Akavua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akalifunga ndani yake. Nikanyoosha mikono nimsaidie, akaniambia, "Acha." Chai hakunywa. Ndani hakuingia.

Nilimfuata mpaka stendi, kwa nyuma, kama mwizi. Kondakta wa basi la Tunduru akataka kumpokea. "Mama, mzigo huo lete tuweke buti."

"Siyo mzigo," dada akamjibu.

Akapanda, akakaa dirishani, akalipakata. Basi lilipoondoka alikuwa amelifunika kwa mkono mmoja kwa juu, pale ambapo kichwa kingekuwa. Hakuangalia upande wangu.

Wa kumlaumu sina, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Vyumba ninavyo. Hati ninayo, imeandikwa makazi. Kile chumba cha kona nimekifunga, sipangishi, lakini hata hicho nakifunga kwa kubahatisha, huenda siyo chenyewe. Dada simu yangu hapokei. Anapokea shemeji, ananisalimia kwa adabu, ananiambia dada yako yuko shamba. Saa zote yuko shamba.

Nawe unayesoma, kama mtaani kwenu wanakuja kupima, nenda mkutanoni ukae mpaka wamalize kusoma. Usiwe mjuaji kama mimi. Neno usilolielewa uliza, hata kama watacheka, yule mzee wa nguruwe aliuliza na leo analala usingizi. Na wakiingia uani kwako wakakuuliza kuna nini hapa, wataje wote waliolala hapo, hata yule ambaye hakufikisha jino. Kama huna uhakika alipolala, mpigie simu mama yake kwanza.