Bahari Ndani ya Beseni la Mbuzi

Shemeji yangu wa Kalamba, kijiji chetu chenye shida ya maji, mke wa kaka yangu, husema nimezunguka Kenya nzima nikitafuta kazi, mwishowe nikapata ya kuchota maji. "Ungebaki hapa," huniambia, "tungekupa punda na mitungi."

Maji yenyewe ni ya bahari. Miaka hii niko Pwani na mtafiti mmoja, mama mpole, anayechunguza mwani mdogo usioonekana bila hadubini. Kuna wakati alipata mmoja wenye umbo la kijiti, una mistari upande mmoja tu, ambao haukuwa katika vitabu vyake. Lakini umbo halitoshi. Mwani wa aina mbili unaweza kufanana kama pacha. Ilibidi jeni zake zisomwe Nairobi, zilinganishwe na za mwani unaojulikana. Alijaribu kuukuza, ukakubali katika chupa moja tu. Chupa hiyo akanikabidhi mimi niifikishe Nairobi, yeye akitangulia.

"Mwani huu ukifa, hatuna mwingine," alisema.

Maabara ingefunguliwa Jumatatu, kwa hivyo aliniruhusu nipitie nyumbani. Jumapili niliiweka chupa dirishani ipate mwanga, nikaenda kanisani. Niliporudi, chupa ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga hadi ikang'aa, nayo imejaa maziwa.

"Shemeji, maji yaliyokuwa humu yako wapi?"

"Yale ya rangi ya kutu? Mtu atoke Mombasa na maji yaliyooza, niyaache dirishani watu wa kanisa wayaone?"

"Umeyamwaga?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimwage maji? Kalamba hii?"

Alikuwa amewatilia mbuzi. Nilikimbia nyuma ya nyumba. Mbuzi mmoja alikuwa ameshaonja. Alisimama mbali na beseni akipiga chafya na kuniangalia kwa lawama. Maji yalikuwepo karibu yote, na vumbi, na jani moja. Tulihamisha maziwa kwenye sufuria, nikasuuza chupa, yeye akaishika nikimimina.

"Pole," alisema kwa sauti ya chini. Halafu akashindwa kuvumilia: "Lakini hata mbuzi ameikataa kazi yako."

Kule Nairobi, mtafiti aliinamia hadubini, kisha akainua kichwa.

"Hiki ni nini?"

"Labda ni mate ya mbuzi, daktari."

Nilimweleza yote. Alifunga macho kwanza, kisha akacheka hadi akavua miwani. Katikati ya uchafu ule, vijiti vyetu vilikuwa bado vinatambaa. Alikinyonya kimoja kwa mrija wa kioo mwembamba kama unywele, akakisafisha, akaanza kuukuza mwani upya kutokana nacho.

Jeni ziliposomwa, hazikulingana na za mwani wowote unaojulikana. Nilimpigia shemeji simu nikamwambia ni mpya kabisa.

"Basi mbuzi wangu ndiye wa kwanza duniani kuuonja," alisema. "Mwandike hivyo. Na ile chupa ukimaliza nayo, niletee nitilie maziwa yangu."