Gurudumu Lililoitwa Jaafar

Kima wa Diani hawaogopi mbwa, hawaogopi askari, hawaogopi hata manati. Lakini kuna asubuhi tatu mfululizo walimwogopa Jaafar mpaka wakashinda na njaa.

Na Jaafar mwenyewe alikuwa ringi ya baiskeli na makopo kumi na mawili.

Tulieni niwasimulie. Mwenye haraka apite.

Kuna nyumba ya wageni hapa Diani, ndogo tu, vyumba vinane na baraza la makuti. Mpishi wa pale ni Mwanatumu, mtu wa Bongwe, mwanamke wa maneno machache mbele ya wageni na mengi akiwa jikoni. Mahamri yake yaliwahi kumfanya Mzungu mmoja aahirishe safari ya kurudi kwao. Sitii chumvi.

Shida ilikuwa kima. Mgeni akigeuza shingo tu kutazama bahari, hamri limekwenda. Mbaazi wanaacha, wanachagua.

Walijaribu sanamu ya mtu. Siku ya pili kima walikuwa wameikalia mabegani.

Walimweka askari mwenye manati. Kima wakajua saa yake ya chai.

Harrison, fundi wa maji na umeme, mtu wa Matuga anayejiamini kupita kiasi, akafunga kengele inayolia kila baada ya dakika kumi. Kima wakawa wanaondoka dakika ya tisa na kurudi ya kumi na moja.

Jumatatu, meneja akamwita Mwanatumu ofisini. Meneja ni Beryl, binti wa Kisumu, hapendi kuzunguka.

"Mwanatumu, wageni wamelalamika tena. Mwenye nyumba anataka kufunga hii jikoni, chakula ikuwe inaletwa kutoka nje. Binti yake Yusra anakuja Ijumaa kuangalia. Akipata kima kwa meza, mimi sitakuwa na la kusema."

Mwanatumu alirudi jikoni. Jiko lile ndilo lililomlisha yeye na mama yake tangu mumewe, Jaafar, aanze mambo yake.

Huyu Jaafar wa kweli, mwenye miguu miwili, alikuwa leo yuko Bongwe, kesho yuko Msambweni kwa mke mwingine, keshokutwa yuko mlangoni na kanga mpya na machozi. Aliondoka mara tatu, akarudi mara tatu. Alipoondoka mara ya nne, Mwanatumu alikwenda kwa kadhi kudai talaka yake na akaipata.

Basi Mwanatumu akamfuata Harrison.

"Ndugu yangu, nifanyie kitu. Nimebakiwa na siku nne."

"Niletee makopo kumi na mawili, dada. Nitatengeneza gurudumu la maji. Litazunguka mchana kutwa na kupiga kelele."

Mwanatumu akaleta makopo ya mafuta ya kupikia. Harrison akayaning'iniza kwa waya kwenye ringi, kila moja na kijiko kikuukuu pembeni, kama bembea za sikukuu. Akalitundika gurudumu kwenye nguzo kando ya baraza, akapitisha bomba juu yake, maji yanayomwagika yaende kwenye migomba.

Alipofungua koki ndipo akaona.

"Dada, makopo haya yana matundu."

"Nilipandia pilipili."

"Sasa litazungukaje?"

Likazunguka. Likaenda kulia vizuri, vijiko vikilia. Kisha likapunguza mwendo, likasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, likarudi kushoto. Likaenda huko raundi mbili, likasita, likaendelea kushoto tena. Halafu kulia.

Harrison alishika kichwa. Mwanatumu alicheka mpaka akaketi chini.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ni Jaafar."

Asubuhi ya Jumanne kima walikuja, wakapanda mwarobaini, wakakaa kulisoma. Vichwa vyao vilikwenda nalo kulia, vikarudi nalo kushoto. Dume lao kubwa likangoja gurudumu lisimame. Liliposimama, dume likaruka mezani, na hapo hapo Jaafar akageuka na vijiko vyake vyote. Dume halikugusa kitu. Lilipitia juu ya makuti likaenda zake.

Jumatano hawakushuka. Alhamisi hawakuonekana. Mwanatumu akaanza kuimba jikoni.

Alhamisi hiyo alasiri Beryl akasimama kulitazama gurudumu, mikono kiunoni.

"Harrison, hii kitu imeharibika. Inaenda huku, inarudi. Yusra ni mwalimu wa uhandisi chuo kikuu huko Mombasa. Akipata inayumba hivi atasema hatujui kazi."

Hapo alimgusa Harrison pabaya. Jina lake la ufundi ndilo mali yake. Akachukua mche wa sabuni, akaziba matundu yote kumi na mawili kama watu wanavyoziba tangi linalovuja. Akafungua koki kidogo kujaribu. Gurudumu likazunguka kulia raundi tatu, safi kabisa, akafunga koki. Beryl akampigia makofi.

Mwanatumu alikuwa sokoni Ukunda. Hakuna aliyemwambia.

Ijumaa Yusra akaketi barazani, buibui lake jeusi, miwani, daftari. Mwanatumu akamwamkia, akamwekea mahamri ya moto. Harrison akafungua koki kwa madaha.

Raundi ya kwanza, sawa. Ya nne, sawa. Kila kopo lililopita chini ya bomba lilijaa, na maji hayakuwa na pa kutokea. Ya saba, makopo ya kulia yamejaa, ya kushoto yamejaa, uzito sawa kwa sawa. Gurudumu likasimama kimya.

Mwarobaini ukatikisika.

Dume kubwa likashuka, likanywa maji kwenye kopo la Jaafar, likajifuta mdomo. Jingine likamnyang'anya Yusra hamri mkononi. Si sahanini, mkononi.

Beryl alifumba macho.

"Sasa naelewa kwa nini Baba anataka jiko lifungwe," Yusra akasema polepole.

Mwanatumu alilitazama gurudumu, akaona ile sabuni ya rangi ya samawati chini ya makopo. Hakuuliza ni nani. Alikwenda jikoni, akarudi na chuma cha mishikaki, akapanda juu ya kiti mbele ya wageni wote, akaanza kutoboa. Moja, mbili, mpaka la kumi na mbili. Maji yakatoka na povu.

Jaafar akatetemeka, akasogea kulia. Akasita. Akageuka kwa nguvu, na kopo la sabuni likammwagikia dume usoni.

Baraza likabaki la watu peke yao.

Yusra hakuketi tena. Chai ilipoa akiwa amesimama na simu yake, akirekodi.

"Nani alibuni hili?"

"Mimi," Harrison akasema haraka. "Matundu niliyapima mwenyewe."

"Kwa kipimo gani?"

Harrison akamtazama Mwanatumu.

"Msumari wa inchi tatu na hasira," Mwanatumu akajibu. "Niliyatoboa siku mume wangu alipoondoka mara ya tatu. Pilipili ilikuja baadaye."

Yusra alicheka, kisha akawaeleza. "Likienda polepole, kopo la juu linajaa sana na kulisukuma. Likishika kasi, makopo yanapita bombani bila kujaa, na yale mazito yanajikuta upande unaopanda. Yanalivuta nyuma, ndiyo linageuka."

"Kumbe ni bahati nasibu," Beryl akasema.

"Hapana. Linafuata kanuni ileile kila dakika. Ila tone moja likizidi sasa, baadaye kidogo limekwenda upande ambao hukuutarajia. Hali ya hewa ni hivyo hivyo. Watabiri watakwambia ya kesho, ya mwezi ujao hawawezi. Kima hukariri mazoea ya mtu, na hili halina mazoea." Akafunga daftari. "Jiko halifungwi. Na asiguse mtu matundu hayo."

Mwanatumu aliingia jikoni akalia, akatoka na mahamri mengine.

Ile video Yusra aliwaonyesha wanafunzi wake, na jina la gurudumu akalitaja. Wiki haikuisha, nusu ya Kwale imeiona.

Jumapili moja, nani yuko getini? Jaafar, na kanga kwenye mfuko.

"Mwanatumu, umenitia kwenye simu za watu."

"Nimelitia gurudumu."

"Nimebadilika. Safari hii nimerudi moja kwa moja."

Gurudumu lilikuwa likienda kulia. Mwanatumu akalitazama kidogo.

"Haya. Likiendelea kulia, ingia. Likigeuka, nenda."

Jaafar akakubali. Likasimama. Likageuka kushoto. Akaweka kanga chini, akaondoka akiilaumu bahati yake.

Haikuwa bahati. Nilikuwa nimeshaona makopo mazito yanapanda na mwendo unakufa. Mtu aliyelitazama kila asubuhi kama mimi anajua kwamba hapo lazima ligeuke.

Naam, Mwanatumu ni mimi. Na kanga ninayo, nzuri sana.

Funzo ninalowaachia ni dogo. Mtu atakuwa wapi mwaka ujao, huwezi kujua, hata Yusra na hesabu zake hawezi. Lakini anapoanza kusita, mwenye macho anaona. Mimi nilikaa na Jaafar miaka kumi na moja nikitazama kwingine.