Dakika Ishirini Migombani

Baada ya moyo kunilaza hospitalini wiki mbili, muuguzi wa kliniki mjini Kisii alinipa masharti: dawa, kutembea, chumvi kidogo, na kila asubuhi kukaa kimya dakika ishirini nikiwa nimefumba macho, nikihesabu pumzi. Hilo la mwisho nililicheka. Mimi mkulima wa majani chai nikae kama kuku mgonjwa wakati wenzangu wako shambani?

Lakini kufa nilikuwa naogopa, tena sana. Nikapeleka kiti migombani, nikakaa.

Kwetu mtu mzima hafumbi macho peke yake asubuhi bila sababu. Siku ya tatu mzee wa kanisa akafika. Alisema akili ikiachwa tupu, pepo huingia. Mke wangu alisimama mlangoni akisubiri nijibu.

"Nasali tu, mzee," nikasema. "Naongea na Mungu."

Uongo ule ulinipa heshima ambayo jasho langu halikuwahi kunipa. Watu wakaanza kuniletea shida zao: mume mlevi, mtihani wa mtoto, ng'ombe asiyeshika mimba. Nilimwitikia kila mmoja, kisha nikahesabu pumzi zangu.

Halafu akaja jirani, mama niliyechuma chai naye miaka mingi. Binti yake alikuwa amelazwa, mja mzito, presha imepanda.

"Tata, niombee huyu mtoto," alisema, akiniita baba kama tunavyowaita wakubwa. "Mimi hata kupiga magoti nimeshindwa."

Nikamwahidi. Kesho yake nilijaribu kweli kumtaja yule binti mbele ya Mungu. Kifua kikabana, nikaingiwa na hofu, nikarudi haraka kwenye pumzi. Moja, mbili, tatu. Wiki nzima nilifanya hivyo, na presha yangu ikashuka hadi muuguzi akanipongeza.

Binti alizikwa Alhamisi. Watu walipoanza kutawanyika, mama yake alinijia akanishika mikono yote miwili.

"Asante, tata. Kila asubuhi nilikuwa nakuangalia kwa dirisha. Nikikuona umekaa hapo, najua mtoto wangu hajaachwa."

Nilitaka kumwambia ukweli, nikaishia kumpa pole. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, maana asubuhi hizo alizokuwa akinitazama ndizo ambazo moyo wangu ulipumzika vizuri kuliko zote.