Dada Yangu na Uji wa Dawa

Jamani, uji wangu ulipoanza kuwa mtamu ndipo nilipoanza kufa.

Ulikuwa msimu wa kupulizia salfa mikorosho, huku kwetu Lionja. Kupanda kitanda tu nahema, miguu imevimba.

"Salfa imekuingia hiyo," dada yangu Mwanabibi akasema. "Kunywa maziwa."

Nikanywa mpaka nikayachukia. Wapi!

Nikapelekwa hospitali moja Ruangwa. Daktari akanieleza taratibu.

"Mama, siyo salfa. Kinga ya mwili wako, wale askari wa kupambana na magonjwa, wameugeukia moyo wakidhani ni adui. Msuli wa moyo umevimba. Vidonge hivi vitawatuliza. Usiache mpaka nikuambie."

Wiki chache baadaye nikaanza kufagia uwanja. Vidonge vilipoisha, mke mwenzangu Hafidha akapanda bodaboda kunifuatia vingine Nachingwea mjini. Vichungu balaa! Dada akawa ananisagia kwenye uji.

Basi nikarudi kulekule. Pumzi hakuna, nalala nimekaa.

Nikamwambia mume wangu Rashidy, "Hafidha ananiua. Si yeye kaleta dawa?"

Hafidha akalia tu.

Ruangwa tena. Daktari akauliza, "Dawa unatumia?"

"Kila siku, kwenye uji."

"Uji unakuwa mchungu?"

"Zamani. Siku hizi mtamu."

Akamgeukia dada aliyenisindikiza. Wala hakuona haya!

"Nimevitupa chooni! Mashavu yalimvimba, na dawa kaleta mke mwenza. Nimuachie amuue? Nilikuwa namlinda mdogo wangu."

Daktari akashika kichwa. "Mama, dawa hii ndivyo inavyofanya. Inajaza mashavu. Na kuikatisha ghafla ni hatari."

Nilimtazama dada, tumenyonya ziwa moja. Iliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Kila asubuhi alinikorogea uji usio na kitu, akanitazama nakunywa, akaniuliza, "Umeshiba, mdogo wangu?"

Aisee.

Moyo wangu umeshaharibika. Jembe sishiki tena. Dawa ananipa Hafidha, na haondoki mpaka nimeze.

Dada bado anatangaza kisimani kwamba aliniokoa.

Ndugu zangu, mtu akitaka kukulinda, akuambie kwanza anakulinda na nini. Wangu hakuniambia.