Mbolea ya Mama Ilivyoteremka kwa Jirani

Mama yangu, Bernadeta, ana sheria moja: mchele unatoka Magu shambani kwenda Igogo mjini, hautoki Igogo kwenda Magu. Mimi, Winnie, ndiye mwanawe wa Igogo, na kila baada ya mavuno gunia lake hunifikia. Siku nikimpelekea mchele wa dukani, anasema, nitakuwa nimemzika akiwa hai.

Mwaka huu nusura nimzike.

Mvua zilichelewa, miche ikazeekea kitaluni ikisubiri maji. Tulipokuja kupandikiza, mpunga ukadumaa, manjano tupu. Nikampelekea mbolea ya kukuzia. Kazi yake anaijua kuliko sala zake: unapunguza maji jarubani, unamwaga mbolea, unaziba mlango wa maji. Akapunguza, akamwaga, na kabla hajaziba, mvua iliyokuwa imetususa ikashuka kwa kishindo. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Badala ya kushika jembe, alishika kitenge, akawa anaruka na kumshukuru Mungu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Alipoukumbuka mlango, mbolea yote ilikuwa imeteremka na maji hadi kwenye majaruba ya mzee Ndalahwa.

Huyo Ndalahwa, ukimwomba moto anakuuliza kuni zako ziko wapi. Mbolea ya dukani hajawahi kununua, anadai inachosha ardhi. Haukupita muda mpunga wake ukawa wa kijani kizito, naye akazunguka kijiji kizima akisifu samadi ya ng'ombe wake. Nilichukia mno! Nilitaka kwenda kumpasha, mama akanikataza.

"Aliyeacha mlango wazi ni mimi," alisema. "Yeye kakosa nini?"

Mpunga ulipoanza kuchanua, mvua ikakata. Majaruba yetu yako juu; yakapasuka, masuke yakatoka mapepe, hayana punje. Ya Ndalahwa, huko chini, yalibaki na maji. Mama akaacha kutaja gunia la Igogo, nami sikuthubutu kumuuliza.

Wakati wa mavuno nilienda kumsaidia kuokota hicho kidogo kilichopona. Ndalahwa akaja, akasimama kwenye tuta.

"Mama Winnie, chukua mundu uje."

"Shikamoo, mzee. Nije kuvuna nini?"

"Marahaba. Majaruba yangu mawili yanayopakana na lako, mwaka huu ni ya kwako. Siku ile nilikuona unavyoruka. Maji yalipoingia kwangu nikajua yamebeba nini. Nikakimbia kuziba mlango wangu wa chini, yasije yakapita kwenda mtoni."

Mama akabaki ameshika kiuno. Mimi hasira zangu zilikuwa bado hazijapoa.

"Na ile samadi uliyokuwa unaitangaza, mzee?"

"Ulitaka niseme nini, binti yangu? Niseme mama yako aliacha mlango wazi akawa anacheza? Wangemcheka mpaka leo."

Niliona aibu, na nilimpenda mzee yule palepale. Tukavuna mpaka jua likatuchoma migongo. Gunia la Igogo likajaa, na cha kula Magu kikabaki. Mama alilia na kucheka kwa pamoja, akamshika Ndalahwa mkono.

"Mwakani, mzee wangu, nitaziba kwanza ndipo nishukuru."

"Hapana, Mama Winnie," akajibu. "Mvua ikija wewe shukuru. Kuziba nitakuja kuziba mimi."